Mama Chambo na Mende Walioikataa Jamu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu wa kudhibiti wadudu anastaafu. Jina lake la kwenye mafaili wanalijua wachache. Sisi wengine, kuanzia mapokezi hadi chumba cha maiti, tunamwita Mama Chambo, naye huitika. Naandika haya kwa niaba ya idara ya dobi, kwa kuwa ofisi yake na chumba chetu cha kupigia pasi vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, na katika miaka yote hiyo hakuna alilolisema humo ambalo hatukulisikia.

Hadi wiki tatu zilizopita tulidhani tutamuaga yeye pamoja na kazi yake. Uongozi wa hospitali ulikuwa umeamua kwamba akiondoka, nafasi yake ifutwe. Jikoni hakujaonekana mende kwa miaka, sasa ya nini kumwajiri mtu wa mende? Mama Chambo alipopata habari hizo hakula chakula cha mchana, na wanaomfahamu wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Hakuwa akijililia yeye, maana pensheni yake iko palepale. Alichoogopa ni kwamba mende watarudi, na wakirudi watakuta hakuna mtu anayewafahamu. Ili hofu hiyo ieleweke, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Alianza hapa kama mfagizi wa wodi ya wazazi. Siku hizo mende walipigwa dawa kwa bomba la mgongoni, na wagonjwa wa pumu walikohoa kuliko mende wenyewe. Yeye alilalamika kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka mkubwa wa wakati ule akachoka, akaamua kwamba anayejua sana kulalamika apewe hilo bomba alibebe yeye. Alilibeba kwa wiki chache tu. Baadaye ikaja dawa ya jeli, tamu kama peremende na yenye sumu ndani, ya kudondosha kwa bomba la sindano nyuma ya majiko na kwenye bawaba za makabati. Mende anakula kidogo, anarudi kwao, anakufa mbele ya jamaa zake. Jiko likatulia, na jina la Mama Chambo likazaliwa.

Lazima niwatambulishe sasa kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa baiolojia. Kila Jumapili baada ya kula walibishana jambo moja: je, viumbe hubadilika kweli kizazi hadi kizazi, na kama hubadilika, nani ameona? Shemeji alimletea picha za mafuvu. Mama Chambo alizitazama kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba fuvu ni kitu kilichokwisha kufa, yeye anataka kinachotembea. Kila Jumatatu tulisimuliwa mchezo ulivyokwenda, na kwa hesabu za dobi shemeji alikuwa akifungwa kila wiki. Mwalimu alisisitiza kwamba mageuzi hayajaacha kutokea, yanaendelea hata leo. "Basi yakipita kwako yaambie na kwangu yapite," alijibiwa.

Yalipita kwake, tena bila kubisha hodi.

Mende walirudi jikoni mwaka ambao paa la stoo lilibadilishwa. Mwanzoni mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mama Chambo aliongeza jeli, nao wakaongezeka. Alibadilisha kampuni, akanunua boksi jipya kabisa, wapi. Minong'ono ikaanza kwamba anatumia dawa iliyopitwa na wakati. Na hapo ndipo mpishi mkuu, mtu mwema asiye na subira, alipoamua kusaidia. Aliwaza kwamba mende wameichoka ladha, akachukua jamu ya stroberi na kuipaka juu ya kila tone la chambo jiko zima, huku akijisifu kwamba sasa watakuja wenyewe mbio. Asubuhi jamu ilikuwa palepale, haijaguswa, na mende walikuwa wamehamia kwenye mifupa ya supu.

Wiki hiyohiyo bwana afya akaja kukagua. Alifungua droo moja tu, akaifunga, akaandika. Jiko lilipewa mwezi mmoja kujisafisha, la sivyo lifungwe na chakula cha wagonjwa kinunuliwe nje. Wapishi wote wangemwaga unga, na Mama Chambo angetangulia mbele yao. Nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta, nami nikazima pasi ili asijue kwamba nasikia.

Ila huyu mama akishalia huanza kazi. Alichukua ile jamu iliyokataliwa, akaanza kujiuliza kwa nini mende aache utamu na kufuata mfupa. Aliketi sakafuni jikoni na visosi viwili, kimoja cha jamu na kingine cha siagi ya karanga. Mende walifika kwenye jamu, wakaigusa kwa vipapasio, wakaonja kidogo, kisha wakarudi nyuma haraka wakijifuta mdomo. Kwenye karanga walikula bila wasiwasi. Kwa kuwa mganga hajigangi, Mama Chambo alikuwa na mende wake nyumbani, mahali ambapo jeli haikuwahi kufika. Aliwakamata hao nao akawawekea visosi vilevile. Wa nyumbani waliivamia jamu kama wageni waalikwa.

Shemeji alipoitwa, hakukimbilia kushangilia ushindi, na kwa hilo tunampa heshima yake. Aliuliza swali gumu zaidi. Huenda mende wa jikoni wamejifunza tu, wamewaona wenzao wakifa wakashika adabu, na kujifunza si kugeuka. Alimshauri awatafute watoto wao. Akaazima vyombo vya plastiki kutoka maabara ya shule, wakapaka mafuta ya mgando ukingoni kwa ndani ili mende wateleze wasipande, na wakaweka humo mende jike wenye vifuko vya mayai, wa jikoni chombo chao na wa nyumbani chao. Mayai yalipoanguliwa mama waliondolewa. Watoto walikua kwa vipande vya yai la kuchemsha na maji, hawajaona jiko, hawajaona jeli, hawajafundishwa na yeyote.

Siku ya jamu ilipofika tulijazana ofisini kwake hadi pasi zikapoa. Watoto wa mende wa nyumbani walikula. Watoto wa mende wa jikoni waligusa, wakarudi nyuma, wakajifuta mdomo vilevile kama mama zao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema mpishi mkuu, ambaye siku hiyo alikuwa mpole sana. Mama Chambo akamgeukia shemeji yake, akamwambia kwa sauti ya chini: "Nimeona. Kinatembea."

Wale ambao hamkuwepo, maelezo yake ni haya, na mwalimu aliyatoa akiwa amesimama kwenye kapu la mashuka yetu. Miongoni mwa mende wengi, huzaliwa wachache ambao ulimi wao umekaa tofauti, sukari kwao ni chungu. Zamani huo ulikuwa mkosi, kwa kuwa mende asiyekula sukari hukonda. Lakini Mama Chambo alipoweka kifo ndani ya sukari, walaji wote wakafa, na wale wenye mkosi wakabaki peke yao kuzaa. Walizaa watoto wenye ulimi kama wao, na hao wakazaa wengine, na mende huzaa upesi. Hakuna mende hata mmoja aliyebadili nia yake. Ni ukoo uliobadilika, na aliyeubadilisha bila kujua ni mama mwenye bomba la sindano. Nakumbuka aliposikia hivyo alicheka hadi akashika ubavu, akisema basi na yeye amefanya kitu ambacho hakikuandikwa kwenye barua yake ya ajira.

Kilichofuata kilikuwa kazi tupu. Aliacha chambo chenye sukari, akatumia chenye mafuta ya karanga. Alimkalia kooni fundi bomba mpaka kila bomba linalovuja likakauka, akaziba nyufa za ukuta kwa mkono wake. Bwana afya aliporudi alifungua droo zote, moja baada ya nyingine, kwa uchungu wa mtu anayetafuta asipate. Jiko halikufungwa. Tangu hapo Mama Chambo habaki na chambo kimoja kwa muda mrefu. Hukibadilisha wakati bado kinaua vizuri, na watunza stoo waliokuwa wakimnung'unikia kwa hilo walipewa somo la ulimi mchungu hadi wakanyamaza. Amelifundisha pia kwa wanafunzi wa uuguzi, kwa hospitali jirani mbili, na kwa afisa utumishi mara moja, kwa bahati mbaya, ndani ya lifti iliyokwama.

Sasa nirudi kwenye mkutano wa wiki tatu zilizopita, uliokusudiwa kuifuta nafasi hiyo. Mama Chambo aliomba dakika chache, akaingia na vyombo vitatu vya plastiki. Afisa utumishi aliinua miguu yake kutoka sakafuni na hakuishusha tena. Chombo cha kwanza kilikuwa na vitukuu vya wale mende wa nyumbani, ukoo aliokuwa akiulea tangu siku zile, cha pili vitukuu vya wale wa jikoni, na kila kimoja kikapewa tone la jamu. Wakubwa wakaona wenyewe kile tulichokiona sisi siku ile. Mganga mkuu alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

Chombo cha tatu kilikuwa na mende waliokamatwa mwezi uliopita kwenye korido ya stoo. Aliwawekea chambo cha karanga. Wengi walikula. Wachache walifika, wakagusa, wakasita. Mama Chambo hakuwatisha wakubwa kwa maneno makubwa. Alisema hajui bado kama hao wamegeuka au wameshiba tu, kwamba njia ya kujua ni moja, kulea watoto wao na kuwatazama, na kwamba yeye hatakuwepo. Aliomba awepo mtu. Hakuomba kitu kingine, wala saa ya ukutani, wala seti ya vikombe, vitu ambavyo wastaafu wetu hupewa wakitaka wasitake.

Mganga mkuu aliuliza ikiwa mapambano haya yana mwisho. Alijibiwa kwamba hayana, ila yana zamu. Mende hubahatisha tu kila kizazi, hawajui wanakokwenda, lakini sisi tunaweza kuangalia na kuwahi mapema. Nafikiri hilo ndilo jambo lenye matumaini kuliko yote niliyosikia katika jengo hili, nami husikia mengi. Nafasi haikufutwa. Mhudumu wa zamani wa wodi ya upasuaji ameshaanza kuikalia, na upande wa pili wa ukuta anasikika akisomewa masharti na Mama Chambo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mama Chambo, utuwie radhi kwa kusema hadharani habari za mende wa kwako, lakini ungetusamehe zaidi kama tungewasahau? Shemeji yako anatuma salamu na anasema Jumapili ijayo mna jambo jipya la kubishana, ameshalichagua. Mumeo ametuomba tusikupe chombo chochote cha plastiki kama zawadi. Tumemsikia, tumekupa kiti cha kukunja, cha kukalia kibarazani.

Jumatatu utakapokuwa umelala hadi jua lipande, uji wa wodi ya watoto utapikwa kwenye jiko lilelile ambalo lilikuwa lifungwe. Mtoto mmoja atakoroga kwa kijiko, atakula, ataomba uji mwingine, na hatauliza kwa nini ndani ya bakuli lake hakuna kitu kinachotembea. Hatajua kwamba kuna aliyekesha akifikiri kwa ajili yake, wala jina lako hatalisikia. Sisi tunalijua, na tutalitaja. Asante, dada yetu. Pumzika bila deni la mtu, ule chakula chako chote cha mchana, na uzee ukukute mahali penye kicheko.