Kengele ya Namatala

Vita vilikuwa na miezi miwili tu tangu viishe. Katika basi la Jinja kwenda Mbale, kengele ya kanisa ilipata kiti, mimi nilisimama. Mwenyewe, Mama Nabifo, alikuwa ameifukia shambani kwa dada yake huko Budondo askari wasiichukue, na sasa alikuwa anairudisha kwao Namatala.

"Umesikia kanisa bado lipo?" aliuliza jirani yake wa kiti, Haji Mutwalibu, muuza vitambaa.

"Sijasikia kitu, Haji. Lakini usiku ule wa kukimbia Mungu alinitoa kule gizani, sioni hata miguu yangu. Atashindwa kunirudisha mchana?"

"Banange! Na ukikuta watu wote walikimbia?"

Mama aliifuta kengele kwa upindo wa gomesi yake. "Nitaipiga. Atakayekuja, huyo ndiye kanisa."

"Na nikija mimi?"

"Utakaa mbele, tukuone vizuri."

Basi zima lilicheka, hata dereva, ambaye kwa alivyonuna tangu Jinja nilidhani ana jino bovu. Tulipofika Mbale, Haji aliinuka wa kwanza, akashika kengele upande mmoja. "Nakusaidia kubeba tu, mama," alisema. "Sijakubali."