Chembe za Profesa Jacira na Mwenyekiti Aliyejipikia

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Maprofesa, wanafunzi wetu wa zamani na wa sasa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mlioanza kutafuna mikate ya jibini kabla sijamaliza salamu, habari za mchana.

Tunamuaga Profesa Jacira Vilhena, anayestaafu leo. Alichukua salfidi ya zinki, ambayo ni nusu-kipitishi cha umeme, akaitengeneza kuwa chembe za nano zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, kisha akatia humo metali iitwayo manganizi, kidogo tu, ili zitoe mwanga wa rangi ya chungwa. Mnadhani ni rahisi? Manganizi ilikuwa kaidi. Kung'ang'ania juu ya chembe ilikubali, kuingia ndani ikagoma. Na isipoingia ndani, mwanga huo hamuuoni.

Alipofaulu tu, ikaja kamati iliyotaka kutunyang'anya maabara. Mwenyekiti wake, Dakta Anselmo Queirós, alikitazama kichupa cha chembe hizo kikiwaka chini ya taa ya urujuanimno, akasema bila kupepesa macho, "Profesa, hapa umetia rangi ya chakula."

Mwingine si angemrushia kichupa hicho? Jacira alivua koti lake jeupe, akamvalisha mgeni. "Basi pika mwenyewe, Dakta. Mimi nakunywa kahawa."

Na kweli akapika, ndugu zangu! Alichanganya, akakoroga, akaosha chembe, koti likimbana mabega na jasho likimtiririka. Kichupa kisicho na manganizi kilitoa buluu hafifu. Chenye manganizi kikawaka rangi ya chungwa mpaka miwani yake ikang'aa. Akaomba, kwa adabu kabisa, aruhusiwe kurudia.

Kesho yake, kabla kamati haijapiga kura juu ya maabara, akajiuzulu. Tukajua tumekwisha, maana shahidi wetu ameondoka, tukaanza hata kubishana nani atabeba mizani. Lakini wenzake walipiga kura bila yeye, na maabara ikabaki yetu. Nilipokutana naye nikamuuliza, kwa nini basi alikimbia?

Akatazama huku na huku, akaniambia, "Siwezi kuwa hakimu wa mwanamke ninayetaka kumposa."

Ndiye yule, mstari wa mbele, aliyeshika mkoba wa mkewe na kujifanya hasikii.

Profesa Jacira, umetuachia maabara inayowaka. Mchukue mwenyekiti wako mkapumzike; uamuzi huu hauhitaji kamati.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.