Tundu Katika Njia Moja

“Jirani, hesabu zako za hewani hazijawahi kusukuma hata toroli,” Torkel alimwambia bibi aliyekaa kando yake, na abiria wote wa tramu ile ya reli za mjini Gothenburg, watu wasiosemeshana na wageni hata kwa dawa, wakajifanya hawasikii. Solveig, aliyekaa nyuma yao, alisogeza sikio asipitwe.

Torkel ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kupishanisha tramu kwenye kipande chenye njia moja tu ya reli. Ilikuwa kwenye majaribio. Kesho ingesimamia mji mzima.

“Nimeijaribu mwaka mzima, Mama Gunvor. Haijakosea.”

“Umejaribu yale uliyoyawaza, mwanangu,” alijibu Gunvor, mwalimu mstaafu wa hisabati. “Mimi nimechora umbo la yote yanayoweza kutokea. Lina tundu. Hapo, tramu mbili zinaruhusiwa kuingia pamoja.”

“Tundu la kwenye karatasi. Nani anapanda karatasi?”

Solveig alikuwa karibu kucheka, dereva akakanyaga breki. Mbele yao, ndani ya ukungu, ilisimama tramu ya majaribio, taa zinawaka, viti vitupu, dereva hamna. Nayo, kama yao, ilikuwa imeruhusiwa na programu kuingia kwenye njia ile moja. Milango yake ikafunguka taratibu, ikangoja kana kwamba kuna watu wanapanda, kisha ikajifunga.

“Bahati mbaya tu,” Torkel alinong’ona.

Walipoambiwa washuke watembee, Solveig alimwona Torkel akimshika mwalimu mkono.

“Nina supu ya njegere nyumbani,” alisema. “Karibu ule, Mama Gunvor. Halafu unichoree hilo umbo, kabla hakujakucha.”