Lundo la Baba Nyembo Edmond

Padri wetu, wazee wa ukoo, wakwe, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Séphora, binti wa kwanza wa marehemu, jamaa wamenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa kuwa niliyaandika mimi na mwandiko wangu hakuna mwingine anayeuweza. Kwanza naomba radhi kwa wale walioketi barabarani, pikipiki zinapita karibu na magoti yenu, na mmeona wenyewe kwamba kivuli kizuri cha mparachichi uani kimekaliwa na lundo la mbolea, sababu yake mtaijua kabla sijamaliza.

Baba yetu Nyembo Edmond alizaliwa Luena tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1956, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe, mama yake akiwa mlimaji wa mihogo, na katika mambo yote alimfuata mama yake. Alisoma shule ya msingi Luena kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha akaletwa hapa Kamina kwa mapadri, ambako mwanafunzi mkaidi aliadhibiwa kwa kubebeshwa mavi ya ng'ombe hadi bustanini. Baba aliyabeba kwa furaha, akauliza maswali, akaanza kuchelewa darasani makusudi ili aadhibiwe tena, hadi mkuu wa shule akamkataza kabisa kukanyaga bustani, na hiyo ndiyo adhabu pekee aliyoilalamikia maisha yake yote.

Tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 1976 aliandikwa kazi ya reli, kusafisha mabehewa kwenye stesheni yetu. Wenzake waligombania mabehewa ya chumvi na ya samaki, kwa sababu wanazozijua wao na wengine wako hapa mbele yangu, yeye aliomba ya ng'ombe, wala hakuna aliyempinga. Mlinzi wa lango alilifungua gunia la mavi alilobeba Baba kila jioni kwa wiki mbili akitafuta mali ya wizi, wiki ya tatu alikuwa akimpungia mkono kutoka mbali apite upesi.

Mwanzoni hakujua kazi ya mbolea, hilo tuliseme. Mwaka 1978 alimwaga mavi mabichi juu ya mboga zake zote za lengalenga, zikaungua kama zimemwagiwa maji ya moto, ndipo akajifunza kungoja. Alipanga tabaka la majani makavu, juu yake tabaka la mavi, majivu kidogo, udongo, maji, akafunika kwa majani ya migomba, akageuza kila baada ya wiki tatu, na katikati alichomeka kijiti kirefu, maana ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi ingali inaendelea ndani. Kila mgeni wa nyumba hii alishikishwa kijiti hicho, mume wangu alikishika siku ya kwanza kabla hata ya kupewa kiti.

Mwezi wa sita mwaka 1982 alikwenda Kinkondja kumposa mama yetu, Umba Priscille, akiwa na magunia mawili yanayofanana, moja la unga kwa ajili ya wakwe, moja la mbolea kwa ajili ya shangazi yake wa Bukama aliyelima vitunguu. Alipofika Bukama aliteremsha gunia moja kwa haraka ili asikose mtumbwi, na lile lililobaki likafunguliwa Kinkondja mbele ya wazee, wanawake wakiwa wameshika vikapu tayari kupokea unga. Mama anasema alitamani ziwa limmeze. Babu yetu Umba aliingiza mkono guniani, akanusa, akafikiri, kisha akasema, "Huyu muntu iko mujinga ao iko mulimaji, tutajua siku ya mavuno." Akaiweka mbolea ile kwenye nyanya zake, mavuno yakaongea, na ndoa ikafungwa kanisani tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1983. Shangazi wa Bukama aliupokea unga, akaula, na hakutamka neno lolote juu yake hadi alipokufa mwaka 2004.

Mungu aliwajalia watoto sita, watano tuko hai, mimi nilizaliwa tarehe 21 mwezi wa tano mwaka 1984, na mwaka huohuo Baba alihamishia lundo chini ya mparachichi, mahali Mama alipokuwa amepachagua kwa meza yake ya kukatia mboga. Ugomvi huo ulidumu miaka arobaini na mmoja. Mama alimwambia mara nyingi, na majirani ni mashahidi, "Weye siku utakufa, kesho yake minyi nitaipakia yote mu toroli." Baba alijibu kwamba basi atajitahidi asife wakati wa kiangazi, toroli lisije likapita kirahisi.

Sisi watoto hatukuruhusiwa kurudi nyumbani mikono mitupu, wenzetu walitoka shule na madaftari, sisi tulitoka na madaftari na mabua ya mahindi. Jirani yetu Mama Jamila, mfanyabiashara wa vitambaa, alishangaa mwaka mzima kwa nini zizi la mbuzi wake lilikuwa safi kuliko sebule yake, hadi alfajiri moja alipomkuta Baba mlemle ndani na ufagio. Walipatana kwamba aendelee kufagia, na kila mwezi wa mfungo Baba alimpelekea nyanya na vitunguu vya futari. Mimi sikuipenda harufu ile, sikuipenda kazi ile, lakini kabichi za lundo hilo ndizo zilizonifikisha kwenye diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, kwa hiyo sina la kusema.

Alistaafu tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 2016. Ugonjwa wa figo ulimwanza mwezi wa pili mwaka huu wa 2025, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na kila mara alinirudisha nyumbani na mfuko wa maganda ya ndizi aliyoyakusanya vitandani kwa wagonjwa wenzake. Jumanne tarehe 7 mwezi wa kumi alimgeukia Mama akamwambia, "Mama Séphora, lundo inapaswa kupinduliwa siku ya posho, nani atapindua?" Siku ya posho ni Jumamosi ya leo. Mama alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi, Baba alikata roho, na jibu alikuwa hajalipata.

Jana baba mdogo Muteba alifika kutoka Luena, akaona hakuna mahali pa kufunga turubai wala pa viti, akawapa vijana majembe walisawazishe lundo. Hakuna aliyemkataza, sote tuliikumbuka ahadi ya toroli. Mama akatoka katika chumba cha kilio, akawapita wenye majembe, akachomoa kijiti, akakishika kwa mkono mzima kwa muda mrefu, akakirudisha palepale. Akasema, "Iko moto bado. Muiache. Bantu baikale ku barabara."

Ndiyo sababu mmeketi barabarani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia yeye na maganda yake, wenzake wa reli waliomwachia mabehewa ya ng'ombe kwa miaka arobaini, majirani wote waliovumilia upepo wa jioni, na Mama Jamila aliyeleta leo asubuhi magunia mawili ya mavi ya mbuzi wake, ameyapanga karibu na jeneza, tunaomba asiyaondoe mtu. Wanaomenya viazi huko nyuma wasichanganye maganda na mifuko ya plastiki. Na tukitoka makaburini, maji ya kunawa yatakuwa langoni kama desturi, lakini Mama anaomba kwamba kabla ya kunawa, wenye nguvu wapitie kwanza chini ya mparachichi na kushika jembe, kwa kuwa mikono itanawishwa hata hivyo.

Pumzika kwa amani, Baba, linapinduliwa leo.