Bi Ukucha na Ute wa Chini ya Mpira

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto kwanza, nitamngoja.

Leo tunamkumbuka mwosha keni za maziwa, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mbili. Wengi wenu hamkujua jina lake. Mlimwita Bi Ukucha, naye aliitika.

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kituo cha maziwa. Wafugaji walileta maziwa asubuhi, yakachemshwa hapo hapo, yakapoozwa, kisha yakatiwa kwenye keni, madumu ya chuma yenye mifuniko, alizoosha yeye. Chumba chake kilikuwa na sakafu ya saruji, mabomba mawili na kamba ya kuanikia brashi. Mfugaji akifika na matope, alikuta beseni la maji ya kunawa. Maji ya vuguvugu, wapendwa. Hakuna aliyemtuma kuyapasha.

Dawa kali za dukani hakuzipenda. Alisema zinamwachia mikono ya mamba. Yeye alitumia siki na ndimu, na keni zake zilinukia hadi getini. Binti yake mkubwa alikuwa akimtania, "Mama, siku moja nyuki watakuposa."

Kisha watoto wa shule ya chekechea ya jirani wakaanza kuharisha. Ikatokea mara moja, ikatokea mara ya pili. Mara ya tatu, watoto sita wakalazwa. Maziwa yao yalitoka kituoni.

Msimamizi akatafuta wa kulaumiwa, akampata mjane mmoja mwenye ng'ombe wawili. Zizi lake lilikuwa bovu, basi ikawa rahisi. Maziwa yake yakakataliwa getini, siku tisa mfululizo. Na ng'ombe hao wawili ndio waliokuwa wakimlisha yeye na wanawe.

Bi Ukucha alimwona akirudi na keni yake kichwani. Akawaza. Maziwa yanachemshwa. Uchafu wa zizini ungefia kwenye moto. Basi umeingia baada ya moto. Na baada ya moto, maziwa yanakwenda wapi?

Yanakwenda kwenye keni zake.

Alichukua mfuniko mmoja. Akaingiza ukucha chini ya ule mpira wa kuzibia, akaubandua. Alikuwa hajawahi kuubandua. Chini yake palikuwa na ute, laini kama njia ya konokono. Miaka yote alikuwa akimwaga siki juu yake.

Binti yake anasimulia: "Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpira mkononi. Nikamwambia, 'Mama, si uutupe tu? Nani atajua?' Akaniambia, 'Nitajua mimi. Na yule mama atazeeka akidhani ni mchafu.'"

Akaenda kwa msimamizi. "Kosa ni langu," akasema. "Mwacheni yule mama." Akarudishwa nyumbani wiki mbili bila kujua kama kazi bado anayo.

Mtaalamu wa maabara akaupima ule ute. Bakteria walikuwamo tele. Akamweleza kwa upole, na upole huo nao tuukumbuke: "Mama, siki yako si mbaya. Ila bakteria wakikaa pamoja hujijengea nyumba ya ute. Ukiwamwagia siki, wao wanasikia mvua juu ya paa."

Bi Ukucha akajibu, "Basi tubomoe nyumba kwanza."

Ndivyo walivyofanya. Bandua mpira. Sugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Suuza. Ndipo uloweke kwenye siki. Suuza tena, uanike juani. Narudia, wapendwa: brashi kwanza, siki baadaye. Na maziwa bado yachemshwe, siki haichukui nafasi ya moto.

Walijaribu hata mafuta ya karafuu, yale ya kutuliza jino. Maabarani yaliwazuia bakteria vizuri sana. Kwenye keni, mpishi wa chekechea alionja akauliza, "Leo mmekamua ng'ombe au mmemng'oa meno?" Karafuu ikaishia hapo.

Watoto wote sita walipona. Bi Ukucha akarudishwa kazini, na tangu siku hiyo hakuna mfuniko uliotoka bila kupitishwa ukucha. Jina likamganda.

Yule mjane, maziwa yake yakiwa yanapokelewa tena, anakumbuka asubuhi Bi Ukucha aliporudi kazini. "Nilikuwa na hasira bado. Nikanawa yale maji yake ya vuguvugu. Nikainua macho, kumbe amesimama muda wote amenishikia taulo."

Wiki iliyopita mjane huyo alikuwa msibani, anaosha chupa za chai. Binti wa marehemu akamkuta amebandua mpira wa kifuniko, anapitisha ukucha polepole. Akauinua kwenye mwanga. "Safi," akasema. "Huu angeupitisha." Kisha akalia.

Kwa mabinti zake, wajukuu na wenzake wa kituoni, poleni sana. Tumepoteza mikono mizuri.

Nasi tuliobaki, leo tubandue mpira mmoja jikoni kwetu. Ukucha ukiteleza, tusikimbilie cha kunukia. Tusugue. Na kama kuna mtu anarudishwa getini kwa kosa letu, twende tukaseme ni letu. Twende na taulo.