Peterson Khaemba, Mkwe Aliyesikiliza kwa Mgongo

Mzee Peterson Khaemba alizaliwa tarehe 4 Machi 1925 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, akasoma hapo na Njoro, akawa karani wa reli mwaka 1946, na tarehe 12 Agosti 1950 akamuoa Eucabeth Naliaka, binti ya Mama Nabalayo, muuza uji wa stesheni, wakajaliwa watoto watano.

Kwa mila yao ya Kibukusu, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wala kumpa mkono, mpaka siku wazee watakapowakutanisha kwa zawadi, na Khaemba aliishika mila hiyo hata ilipotaka kumponza. Tarehe 9 Mei 1957, akiwa mwakilishi wa Waafrika mjini, aliongoza baraza la kuamua kama akina mama wa uji wafukuzwe stesheni, na aliyesimama kuwatetea alikuwa nani kama si mkwewe. Khaemba akageuza kiti, akampa mgongo. Afisa Mzungu akadhani ni dharau, akatabasamu, lakini Eucabeth, aliyeketi pale roho juu, alijua mumewe hajawahi kumsikiliza mtu hivyo. Mama Nabalayo akasema, kwa sauti iliyofika karakana, kwamba gari moshi haliendi kwa mvuke pekee, wanaoliendesha hunywa uji kwanza. Khaemba akauambia ukuta kwamba akina mama watabaki, na wakabaki.

Watu hawakusahau. Akawa Meya mwaka 1965, Mkuu wa Mkoa 1970, kisha balozi wetu Lusaka 1975, akisifiwa kote kwa kusikiliza kuliko kusema, ingawa Eucabeth alimtania kwamba marais wana bahati, wao humwona uso.

Alipanga kustaafu Desemba hii, arudi nyumbani, hatimaye apeane mkono na mama mkwe. Figo zikamwangusha mwezi Juni, akatutoka hapa Nakuru alfajiri ya tarehe 2 Septemba 1979, na jambo hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bondeni waliotupikia, na wenzake wa reli, wa serikali na wa ubalozi. Wageni, msimwelewe vibaya Mama Nabalayo, aliyeketi kule nyuma akiligeuzia jeneza mgongo. Blanketi alilomwekea mkwewe kwa siku ile ya kupeana mkono amemkabidhi Eucabeth, naye amemfunika mumewe nalo asubuhi hii.

Pumzika, Khaemba, na amani ikufunike.