Mlima Ulioonekana Mlangoni Kwangu

Ndugu zangu mliokusanyika hapa Mikumi, Bwana wetu na apewe sifa leo kwa kinywa changu, ijapokuwa ni kinywa cha mtu aliyelia sana. Wengi wenu mnaniita Mama Samweli. Jina langu la kwanza ni Mama Debora, na kwa ajili ya jina hilo nimesimama mbele yenu.

Tulikuwa watu wa milimani, juu ya Kilosa. Huko babu zetu walipokea Injili, huko tulisoma, na kanisa letu lilikuwa la mawe. Debora alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa mtundu, akiimba nyimbo za kanisani hukosea maneno kwa makusudi ili baba yake acheke. Surua ikampata, ikamchukua. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, nami kila asubuhi nililipalilia kaburi lile kabla sijapalilia mahindi. Nilikuwa na huzuni kubwa, lakini angalau nilijua pa kwenda kulia.

Ndugu zangu, udongo wa kaburi haujashikana vizuri, likaja neno la kuhamia vijijini. Tuliambiwa huko chini kutakuwa na shule na zahanati, na sisemi kwamba ilikuwa uongo, maana zahanati niliiona kwa macho yangu. Ila mimi niliitazama nikasema moyoni, imechelewa. Nyumba zetu zikaezuliwa ili tusirudi. Nikapanda lori na Samweli mgongoni, na mwanangu mwingine akabaki kule na migomba.

Tukashushwa bondeni, upande wa Kimamba, kwenye joto na mbu. Mume wangu akaanza kujenga, mlango akauelekeza barabarani kama wenzake. Nikamwomba auhamishe upande wa pili, utazame mlima wetu. Akanisikiliza, maskini, kwa kunihurumia. Kumbe alikuwa ananijengea kifungo bila kujua.

Huko bondeni watu wakaniita Mama Samweli, kwa kuwa ndiye mtoto waliyemwona mgongoni. Sikuwasahihisha. Ningeanzia wapi? Kila asubuhi nilipiga magoti mlangoni, nikautazama mlima, nikasali. Siku mlima ukifunikwa na ukungu, sikusali. Niliona sala haitafika. Jumapili wenzangu walikusanyika katika banda la nyasi wakaimba, nami nilikwenda na kurudi vile vile nilivyokwenda. Nilijiambia kwamba Mungu amebaki kwenye kanisa la mawe akimlinda Debora, sisi tumeletwa huku bila yeye. Chakula kikanishinda. Kwenye shamba la kijiji niliegemea jembe nikitazama juu, hata wanawake wakanitania kwamba labda mimi ndiye niliyepewa kazi ya kungoja mvua.

Ndipo mume wangu akapata kazi ya barabara huku Mikumi. Alikuja na furaha, akaniambia nifunge mizigo. Nikamuuliza jambo moja tu, kama kutoka Mikumi mlima wetu unaonekana. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, basi nenda wewe. Akaenda. Akawa mtu wa kuja na kuondoka, na Samweli akaanza kumkimbia baba yake kama anavyokimbia mgeni. Nyumba yangu ilikuwa inabomoka, naiona, na siwezi kunyanyua mkono.

Asubuhi moja jirani yangu, Mama Mwajuma, alikuja kuomba kaa la moto. Yeye ni Mwislamu, mwenyeji wa bonde lile tangu mababu. Alinikuta nimepiga magoti, akasubiri kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Mama Samweli, usinione mdaku," akasema. "Kumbe nanyi Wakristo mna kibla?"

"Hatuna," nikamjibu. "Sisi tunasali popote, Mungu yuko kila mahali."

"Basi mbona wewe ni mlimani tu, kila siku? Na juzi kulipokuwa na ukungu nilikuona umekaa hapo hapo, husali. Nikasema, masikini jirani yangu, leo kibla chake kimefichwa."

Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilifungua kinywa nimjibu, na lililotoka lilikuwa jina. Nikamwambia, "Mwanangu yuko kule. Debora."

Mama Mwajuma akaweka chini kigae chake cha kubebea moto, akaketi karibu nami. "Pole, Mama Debora," akasema. "Pole sana, dada yangu."

Ndugu zangu, sikuwa nimeitwa hivyo tangu siku ya lori! Nililia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko. Naye akalia pamoja nami, kwa maana alikuwa amezika wake pia. Kisha akachukua moto wake akaenda kupika.

Nilipobaki peke yangu maneno yangu yakanirudia. Nimesema kwa kinywa changu kwamba Mungu yuko kila mahali, nami nimegeuza kaburi la mtoto kuwa ndiyo njia pekee ya kumfikia. Nikaingia ndani, nikaufunga mlango ule, nikapiga magoti nikitazama ukuta wa udongo. Nikasema, "Bwana Yesu, kama uko na huku bondeni, nakukabidhi Debora. Mimi siwezi tena kumlinda kwa macho."

Sikuona mwanga, wala sikusikia sauti. Nilisikia kuku nje, na Samweli akilia njaa. Nikainuka, nikasonga ugali, tukala wote wawili, na tonge likapita. Hiyo ndiyo amani niliyopewa siku ile, nayo haijaniacha. Mume wangu aliporudi alikuta mizigo imefungwa.

Namshukuru Mungu, na namshukuru jirani yule. Lakini asiwadanganye mtu kwamba amani hukausha machozi. Mtu aliyepita kule milimani ameniambia msitu umemeza migomba yote, kaburi halijulikani lilipo. Nililia, na hata sasa nalia. Nawe uliyeketi hapa, uliyeacha wako ulikotoka ukadhani na Mungu amebaki huko, mwite hapo hapo ulipo. Yuko, atakusikia.

Leo kabla ya kuja ibadani Samweli aliniuliza milima ya kwetu iko upande gani. Nikageuka huku, nikageuka kule, nikashindwa kumwonyesha. Basi tukapiga magoti pale pale tulipokuwa tumesimama, tukasali.